Nasari Mpakani: Mtoto Wetu Ataanzia Wapi, Busia au Tororo?



Mwezi huu tunawaandikia juu ya wadogo wetu, wale wa miaka mitatu mpaka sita. Si wachanga tena wa kubebwa mgongoni, na bado si wa darasa la kwanza. Ndio wale tunaowaona mchana wakizunguka bombani na kwenye foleni ya chakula, wakicheza na vifuniko vya chupa. Wazazi wanaofikiria kuhamia au kurudi upande wa mpakani wanatuuliza maswali yale yale: Kule Busia na Tororo kuna nasari ya serikali? Mtoto wangu atapokelewa? Atakaa na watoto wa kabila gani, na atafundishwa kwa lugha gani?

Jibu fupi ni hili: nafasi zipo pande zote mbili za mpaka, lakini mpango wa Kenya na ule wa Uganda haufanani hata kidogo. Na jambo la kuangalia kwanza si jina la shule wala rangi ya yunifomu. Ni mwalimu, ni uji, na ni kama mtoto wako ataanza kwa wakati wake. Karatasi zinaweza kungoja, hata pesa zinaweza kukopwa, lakini mtoto akishatimiza miaka sita hawezi kurudishwa mitatu.

KWA NINI BUSIA NA TORORO?

Familia nyingi hapa zinaijua njia hiyo kwa miguu yao. Uchaguzi wa Kenya ulifanyika tarehe 27 Desemba 2007, na ghasia zilipozuka baada yake, maelfu ya watu walivuka kuingia Uganda kwa kupitia Busia na Malaba. Wengi walikaa kwenye kambi ya muda ya Mulanda, wilaya ya Tororo, kisha baadaye mwaka huo wa 2008 wakahamishiwa Kiryandongo. Watoto waliovuka wakiwa wadogo siku zile leo ni watu wazima, na wapo walio na watoto wao wenyewe. Ndio hao wanaouliza sasa.

Wengine wetu hatukupita Mulanda. Tulitoka Kongo, Burundi au Sudan Kusini. Lakini ndugu zetu wametawanyika, na miji ya mpakani inavuta watu. Busia ni soko. Malaba ni foleni ya malori. Tororo ina viwanda na barabara kubwa. Mtu akipata kibanda cha kuuza nguo au kazi ya kupakia mizigo, anaita mke na watoto. Basi swali la nasari linakuja lenyewe.

Tuyataje maeneo vizuri ili tusichanganyikiwe. Kuna Busia mbili. Moja ni makao makuu ya Kaunti ya Busia, Kenya. Ya pili ni mji wa wilaya ya Busia, Uganda, wilaya iliyokatwa kutoka Tororo mwaka 1997. Kwa macho ni mji mmoja, ila katikati kuna geti. Malaba nayo ni hivyo hivyo: upande mmoja ni Teso Kaskazini ya Kenya, upande wa pili ni wilaya ya Tororo. Tangu Februari 2018, wakati marais wa nchi mbili walipofungua rasmi kituo cha pamoja cha mpaka cha Busia, msafiri anahudumiwa na maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja. Kila asubuhi utaona watoto wenye mabegi wakivuka kwenda shule upande wa pili. Kwa watu wa huko si ajabu.

UPANDE WA KENYA: CHEKECHEA NI KAZI YA KAUNTI

Kenya ilipofanya elimu ya msingi kuwa bure mwaka 2003, chekechea iliachwa nje. Wazazi waliendelea kumlipa mwalimu kwa michango yao, na mwezi mchango ukikosekana, mwalimu anakosa mshahara. Mambo yalibadilika na Katiba ya 2010, iliyokabidhi elimu ya chekechea kwa serikali za kaunti. Kaunti zilianza kazi mwaka 2013. Tangu hapo ndizo zinazoajiri walimu wa chekechea na kujenga madarasa, na madarasa mengi yako ndani ya viwanja vya shule za msingi za umma.

Kwa hiyo ukiwa Matayos, Nambale, Butula, Samia, Bunyala, Teso Kusini au Teso Kaskazini, mahali pa kwanza pa kuuliza ni shule ya msingi ya umma iliyo karibu nawe. Uliza kama ina darasa la PP1 na PP2. Hayo ndiyo majina yaliyoanza kutumika nchi nzima Januari 2019 na mtaala mpya. Mtoto anaingia PP1 akiwa na miaka minne, PP2 akiwa na mitano, na Gredi ya 1 akiwa na sita. Mwaka wa shule unaanza Januari.

Je, ni bure? Mwalimu wa kaunti analipwa na kaunti. Hata hivyo usishangae ukiombwa mchango wa uji, kuni, karatasi ya choo au mlinzi. Michango hiyo inatofautiana shule na shule. Uliza mapema, tena uliza mbele ya mzazi mwingine, na ukilipa dai risiti.

Shida iliyobaki ni idadi. Mwalimu mmoja anaweza kuwa na PP1 na PP2 katika chumba kimoja, watoto wengi kuliko madawati. Na kwa mtoto wa miaka mitatu mpango wa umma hauna darasa. Huyo atabaki nyumbani au katika kituo cha kulelea watoto cha mtu binafsi.

UPANDE WA UGANDA: NASARI NI YA MZAZI

Uganda ilitangulia kufungua milango ya shule za msingi, mwaka 1997. Lakini kwa nasari ilichukua njia nyingine. Sheria ya Elimu ya 2008 iliitambua nasari kuwa hatua ya kwanza ya elimu, ila iliacha kuiendesha mikononi mwa watu binafsi na mashirika, na gharama ikawa mzigo wa mzazi. Serikali ikabaki na kazi ya kusajili, kukagua na kuandaa mwongozo wa mafunzo kwa watoto wa miaka mitatu hadi sita, uliotoka mwaka 2005.

Kwa hiyo Tororo, Malaba na Busia ya Uganda utakutana na nasari za aina nyingi. Kuna za watu binafsi, zenye ukuta uliochorwa wanyama. Kuna za makanisa na misikiti. Kuna vituo vya jamii vijijini, ambapo wazazi wamekubaliana kumlipa mwalimu kwa pesa kidogo au kwa mahindi. Na mahali pengine utakuta darasa la nasari limekaa ndani ya kiwanja cha shule ya msingi ya serikali. Hapo wengi wanadanganyika. Kiwanja ni cha serikali lakini mwalimu analipwa na wazazi, kwa hiyo kuna ada. Usiseme moyoni kwamba hapa ni bure, ukaja kuaibika katikati ya muhula.

Madarasa ni matatu: bebi kwa miaka mitatu, mido kwa minne, topu kwa mitano. Baada ya topu mtoto anaingia darasa la kwanza akiwa na miaka sita. Mwaka wa shule kwa kawaida unaanza Februari. Mzazi anayevuka na mtoto akumbuke hesabu hii: aliyemaliza mido analingana na aliyemaliza PP1, na aliyemaliza topu analingana na aliyemaliza PP2.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba mtoto anaweza kuanza akiwa na miaka mitatu, na mzazi ana sauti kwa sababu ndiye mlipaji. Ubaya wake mnaujua: asiye na pesa anabaki nje. Watoto wengi wa Uganda wanaingia darasa la kwanza bila kupita nasari yoyote. Matokeo yake darasa la kwanza linajaa, na watoto wengine wanalirudia, kwa sababu ndilo limekuwa nasari yao.

Ubaya mwingine tuliuona wakati wa Korona. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, na watoto wa nasari hawakurudi mpaka Januari 2022. Karibu miaka miwili. Nasari inayoishi kwa ada haiwezi kukaa miaka miwili bila ada, na nyingi zilikufa. Nyumba zikapangishwa watu, viti vikauzwa. Kenya ilikuwa imefungua kikamilifu Januari 2021, na wapo wazazi wa mpakani waliovusha watoto upande wa pili ili wasome. Ndiyo faida ya kuishi mpakani: ukifungiwa mlango mmoja, unaangalia mwingine.

JAMBO AMBALO BUSIA IMEIFUNDISHA DUNIA

Wengi hawajui kwamba chekechea za Busia na Teso ziliwahi kuchunguzwa na wataalamu wakubwa, na majibu yake yanatuhusu sana sisi wenye pesa kidogo.

Kati ya mwaka 2000 na 2002, watafiti Christel Vermeersch na Michael Kremer walifuatilia chekechea 50 za wilaya za Busia na Teso, upande wa Kenya. Chekechea 25 zilichaguliwa kwa kura zipewe uji wa asubuhi bure. Nyingine 25 ziliendelea kama kawaida. Watafiti walifika bila taarifa na kuhesabu watoto. Katika shule zisizo na uji, kwa wastani watoto waliokutwa darasani walikuwa asilimia 27.4. Katika shule zenye uji, asilimia 35.9. Kwa maneno ya nyumbani: kikombe cha uji kiliongeza mahudhurio kwa karibu theluthi moja. Mama anayesubiri mtoto arudi na njaa anamwachia abaki nyumbani. Mama anayejua mtoto atakunywa uji anamwamsha mapema.

Lakini sikilizeni sehemu ya pili. Kuja shule si kujifunza. Watoto walipopimwa, alama zilipanda tu pale ambapo mwalimu alikuwa na uzoefu wa kutosha. Pale mwalimu alipokuwa hana uzoefu, watoto walikunywa uji, wakacheza, wakaenda nyumbani vile vile. Tena kupika na kugawa kulikula muda wa masomo, na watoto walizidi darasani. Na shule zenye uji zilipandisha ada, kwa sababu wazazi walikuwa wanazikimbilia. Uji wa bure, kumbe, uliingia kwa mlango wa mbele na bei ikatokea nyuma.

Kuna funzo la tatu kutoka chekechea hizo hizo. Walimu wakuu walipewa pesa za kuwazawadia walimu wanaofika kazini kila siku. Walizigawa kwa wote, aliyefika na asiyefika, na utoro wa walimu haukupungua. Hatuwalaumu, ni vigumu kumnyima mwenzako. Ila linatuonyesha kwamba mwalimu kufika kazini si jambo la kuachiwa ofisi peke yake. Wazazi wakipita shuleni, wakiuliza, wakisalimia, mwalimu anajua kuna macho.

Na tusisahau minyoo. Kuanzia 1998, shule za msingi 75 huko huko Busia ziliingizwa katika mpango wa dawa za minyoo, na utoro wa wanafunzi ulipungua kwa robo. Hata watoto wasiokunywa dawa walinufaika, kwa kuwa wenzao hawakuwaambukiza tena. Michael Kremer, aliyeshiriki kazi hizo, alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 pamoja na wenzake wawili. Sisi tukumbuke la maana kwetu: mpeleke mtoto akapate dawa ya minyoo siku inapotangazwa, hata kama anaonekana mzima.

WATASOMA NA NANI?

Hapa ndipo wazazi wengi wana hofu. Mtoto wangu hajui lugha yao. Watamcheka. Watamwita mkimbizi.

Hofu hiyo tunaielewa, nasi hatusemi kwamba watoto hawachekani. Lakini Busia na Tororo si nchi ya lugha moja. Wasamia wako Kenya na Uganda. Wateso wako Kenya na Uganda. Upande wa Kenya ongeza Wakhayo, Wamarachi, Wanyala na Wajaluo. Upande wa Uganda ongeza Wajopadhola, Wagwe, Wanyole na Wagwere, pamoja na Kiganda cha sokoni. Mpaka wenyewe ulichorwa na Waingereza. Mpaka mwaka 1902, eneo lote la Busia, hadi kufika karibu na Naivasha, lilihesabiwa Uganda. Familia zikajikuta shamba liko nchi hii na kaburi la babu liko nchi ile. Kwa hiyo darasa la nasari la mjini Busia au Malaba ni la mchanganyiko kabla mtoto wako hajafika. Yeye hataharibu kitu; ataongeza.

Tena huenda mtoto wako si mgeni wa lugha kama unavyodhani. Angalieni. Wasamia husema omwana kwa mtoto. Mrundi anasema umwana, Mkongo wa Lingala anasema mwana. Lugha ya Wajopadhola wa Tororo ni ndugu ya Kijaluo, ya Kiacholi na ya Kialur. Mtoto wa Kiacholi kutoka Sudan Kusini, au wa Kialur kutoka Ituri, akisema pii kwa maji, mwenzake wa Tororo ataelewa. Wateso husema akipi, na Waturkana husema ngakipi. Mtoto wa miaka minne akisikia neno moja analolijua, ameshapata rafiki. Sisi wazee ndio tunaohitaji kamusi.

Na Kiswahili? Upande wa Kenya, mjini, mara nyingi ndicho kinachounganisha darasa. Utaratibu wa nchi hiyo unataka wadogo waanze kwa lugha ya eneo, na mji wenye makabila mengi eneo lake ni Kiswahili. Uganda nayo, tangu mtaala wa 2007, inataka shule za vijijini zifundishe madarasa ya kwanza kwa lugha ya nyumbani, na mijini Kiingereza kinatawala. Nasari nyingi za ada zinajisifu kwa Kiingereza, kwa sababu wazazi ndicho wanachotafuta. Tunasema hivi bila kumkosoa mtu: mtoto anayekariri kwa Kiingereza asichokielewa hajasoma, ameimba. Msikilizeni akirudi nyumbani. Kama anaweza kuwasimulia kwa lugha yenu alichofanya shuleni, hiyo nasari inafanya kazi.

Sisi wenyewe pia tujichunge. Mtoto anayesikia nyumbani kwamba kabila fulani ni wezi atakwenda nalo darasani kama anavyokwenda na kikombe chake. Tuliona mwaka 2008 maneno ya namna hiyo yanaishia wapi.

KARATASI NA HAKI

Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 22, unataka mkimbizi atendewe sawa na raia katika elimu ya msingi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inasema vivyo hivyo. Lakini tusidanganyane: kama raia mwenyewe analipia nasari, basi kutendewa sawa maana yake ni kulipa sawa. Usilipe zaidi. Ukitajiwa ada iliyo juu ya ile ya jirani yako mwenyeji, una haki ya kuuliza kwa nini. Upande wa Kenya, Katiba inaandika kwamba kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Imeandikwa kila mtoto, si kila raia.

Mkimbizi aliyesajiliwa Uganda anaruhusiwa kuishi na kutembea nje ya makazi, Tororo ikiwemo, lakini misaada mingi hubaki makaziini. Piga hesabu ya kodi ya nyumba na chakula kabla ya kufunga mizigo. Na karatasi ya ukimbizi ni ya nchi iliyoitoa. Kusajiliwa Uganda hakukupi kibali cha kuhamia Kenya kama mkimbizi. Kwa Mkenya anayerudi kwao ni jambo jingine, ila naye aulize ofisini kwanza, kwa sababu kurudi kuna utaratibu wake na ukishafunga faili huwezi kulifungua kwa urahisi.

Beba karatasi hizi: kadi ya chanjo, cheti cha kuzaliwa kama kipo, karatasi ya familia yenye jina la mtoto, na barua au ripoti kutoka kituo cha watoto alichosoma hapa. Mtoto aliyezaliwa Uganda anaweza kuandikishwa NIRA na kupewa cheti cha kuzaliwa, hata kama wazazi ni wakimbizi. Anza sasa, usingoje siku ya safari.

Tunalisema kwa uchungu kwa sababu ya jambo lililoipata familia moja tunayoifahamu. Walihamia mji wa mpakani na mvulana wa miaka mitano. Shule moja, ambayo hatutaitaja, ikawaambia wakalete kwanza cheti cha kuzaliwa. Baba akawa anakwenda na kurudi. Muhula wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Cheti kilipopatikana mtoto alikuwa ametimiza sita, akatiwa darasa la kwanza hajawahi kushika penseli. Alikaa nyuma, kimya. Mwisho wa mwaka wakamwambia arudie. Wazazi hawakujua kwamba wangeweza kuomba aanze kwa kadi ya chanjo huku cheti kikifuatiliwa, au wamwone ofisa wa elimu wa eneo. Msomaji wetu, wewe sasa unajua. Mwambie na mwenzako.

MASWALI SABA YA KUULIZA KABLA YA KUANDIKISHA

Nenda mwenyewe, asubuhi, watoto wakiwa darasani. Usiende Jumamosi.

1. Mwalimu amesomea kufundisha wadogo? Ana miaka mingapi kazini? Kama ulivyoona, hili linabeba yote.

2. Watoto ni wangapi kwa mwalimu mmoja? Wahesabu kwa macho yako.

3. Kuna uji? Nani anatoa unga, nani anapika, na unanywewa saa ngapi? Uji wa saa nne haumsaidii mtoto aliyetoka nyumbani saa kumi na mbili bila kitu.

4. Choo kiko wapi, na maji ya kunawa? Shimo la choo cha wakubwa linamtisha mtoto wa miaka mitatu. Ataogopa, atajizuia, na kesho atakataa shule.

5. Mnafundisha kwa lugha gani, na mtoto asiyeijua mnamsaidiaje? Jibu lolote ni afadhali kuliko mwalimu anayeshtuka kwa swali hilo.

6. Malipo yote kwa mwaka ni kiasi gani? Si ada tu. Ongeza yunifomu, uji, mitihani, picha na sherehe ya kumaliza. Uliza kama unaweza kulipa kidogo kidogo, au kwa kazi, au kwa mahindi.

7. Njia ikoje? Barabara ya malori ya Malaba na Busia si ya mtoto kuvuka peke yake. Kama nasari nzuri iko ng'ambo ya barabara na hakuna wa kumvusha, chagua iliyo upande wako.

Ukiona watoto wanaimba, wanajenga kwa matofali ya udongo, wanauliza, na mwalimu anawajua kwa majina, umefika mahali pazuri, hata kama ni chini ya mwembe. Ukikuta watoto wa miaka mitatu wamekaa kimya wananakili ubaoni huku fimbo iko mezani, endelea kutafuta.

TUKIWA BADO HAPA

Si kila familia itahama, na asiyehama asimwache mtoto angoje. Wazazi wa Busia na Tororo walioanzisha vituo vya jamii hawakuwa matajiri. Walikuwa na mti, mama mmoja aliyesoma kidogo na mwenye subira, sufuria, na makubaliano ya nani analeta kuni siku gani. Mtaa wenye mama kumi unaweza kufanya hivyo. Kama kituo cha watoto wadogo kipo karibu nawe hapa kambini, mwandikishe mtoto wiki hii, na ukitazame kwa maswali yale yale saba. Kama kiko mbali, zungumzeni na kiongozi wa mtaa, muombe mwalimu apewe mafunzo kabla ya kuomba rangi ya ukuta. Mmeona wenyewe Busia: uji huleta watoto, mwalimu aliyeiva ndiye anayewafundisha.

Na nyumbani kuna mengi yasiyo na bei. Hesabuni maharage pamoja mnapochambua. Mwacheni achore kwa mkaa chini. Bibi asimulie hadithi jioni kwa lugha ya kwao, na babu amfundishe majina ya ukoo. Mtoto anayeijua vizuri lugha ya mama yake hujifunza ya pili upesi. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wazee, na ubichi wa mtoto ni hii miaka mitatu tu.

Kama una ndugu Busia, Malaba au Tororo, mpigie simu mwezi huu. Mwulize nasari iliyo karibu naye ina walimu wangapi, inatoza nini na inaandikisha lini. Leta majibu kwenye kikao cha wazazi cha mtaa wako ili wote tuyasikie. Kenya wanaandikisha kabla ya Januari, Uganda kabla ya Februari. Nafasi za wadogo huisha mapema.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.